Jioni ya Molo imlipe mwenye nyasi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia utalii, Nakuru, na kwa Wawakilishi Wadi wa Molo, Turi, Elburgon, Mariashoni na Mau Narok

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu matembezi ya jioni. Wageni wameanza kufika Molo mmoja mmoja, wengine kutoka Nairobi, wengine wakitoka Ziwa Nakuru baada ya kuambiwa kwamba huku juu kuna ndege asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote. Wanatafuta mtu wa kuwatembeza kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka giza liingie sawasawa. Mimi ni mmoja wa hao wanaowatembeza. Mchana nalima viazi kama jirani zangu. Kazi hii bado ni changa, na kabla haijakua ikapata wenyewe, nina ombi moja kwenu: mtakapoiwekea utaratibu, pesa yake ianzie kwa mwenye shamba aliyeziacha nyasi zake bila kuzilima. Yeye asipopata kitu, sisi wengine hatutapata kwa muda mrefu.

Nimewaandikia ninyi badala ya Nairobi kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka utalii wa mashinani mikononi mwa kaunti. Mbuga ya Ziwa Nakuru iko chini ya Huduma ya Wanyamapori ya Kenya (KWS), na lango lake hufungwa jioni. Mgeni aliyelala Nakuru hana pa kwenda jua likizama, ila hotelini akakae na simu yake. Huku kwetu, mwendo wa kama saa moja kwa gari, ndege hawana lango. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, maana tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo hata ratiba haisumbui. Mzungu aliyezoea kungoja giza la Juni mpaka saa nne usiku anashangaa kuona kwamba kwetu limekwisha kuingia kabla ya chakula.

Ndege mwenyewe kitaalamu anaitwa Macronyx sharpei. Frederick Jackson, afisa wa serikali ya Waingereza, ndiye aliyemwingiza katika vitabu vya sayansi mwaka wa 1904, akampa jina la Richard Bowdler Sharpe, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya London. Mgongo wake ni wa hudhurungi wenye michirizi, kifua na tumbo ni manjano, na ukucha wa nyuma ni mrefu ajabu. Akikupa mgongo humtofautishi na nyasi zilizokauka. Hapendi kuruka. Akisikia mguu anakimbia chini kati ya mashungi ya nyasi ngumu, anasimama, anachungulia, anakimbia tena. Ukimsogelea sana anaruka chinichini mita chache, anatua, na hapo alipotua hutamkuta. Kuna wageni wamezunguka shamba moja mpaka jua likaenda, naye alikuwa humo humo muda wote. Lakini jioni nzuri hupanda juu ya shungi la nyasi au nguzo ya seng'enge akaimba kidogo, na jua la kushuka likimpiga kifuani unaelewa kwa nini mtu amepanda ndege kutoka Uholanzi kuja kumtazama ndege.

Huyu yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Makao yake ni nyasi za nyanda za juu za Kenya tu: Kinangop, Mau Narok na Molo, na sehemu nyingine chache za milimani. Nyasi za Mau Narok na Molo zimetambuliwa kimataifa kuwa eneo muhimu la ndege, kama zilivyotambuliwa zile za Kinangop. Lakini orodha haizuii jembe. Nyasi hizi zimo ndani ya mashamba ya watu, zina hatimiliki, zina mirathi, zina mashemeji wanaotaka kugawiwa. Hakuna askari wa wanyamapori anayeweza kumwambia mtu asilime shamba lake, na mimi sitaki awepo.

Tuseme ukweli wa shamba. Ekari ya nyasi inalisha kondoo wachache. Ekari hiyo hiyo ukiipanda viazi aina ya Shangi, baada ya miezi mitatu hivi una kitu cha kuuza. Dalali atakuja na gunia lililojazwa mpaka likavaa kilemba, lile tunaloliita mukorino, ingawa kanuni za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Atakupunja, na bado utakuwa umepata pesa ya karo kuliko aliyekaa na nyasi. Asiye na nguvu ya kulima anakodisha kwa msimu, na mwenye kukodi hajali shungi la nyasi. Trekta likipita mara moja, yale mashungi ambamo ndege huyu anajificha na kutaga hayarudi kwa miaka mingi. Hata mfugaji huyang'oa, kwa sababu ng'ombe hawali nyasi ngumu. Mtu anayefanya hesabu hiyo si adui wa mazingira. Ana watoto, basi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Swali langu kwenu ni mwenyeji yupi. Kwa sasa anapona mwenye hoteli, anapona dereva, napona mimi ninayeshika darubini. Mwenye shamba tunamwachia asante, na pengine tunamwachia lango wazi kondoo wakatoka. Nimemsikia mzee mmoja wa Turi akiuliza, bila hasira, kama hao ndege tunaowatazama kwake wanajua kwamba ndiye anayewalisha. Mwaka huu nyasi zake bado zipo. Mtoto wake wa kiume amekwisha kuulizia bei ya kulimiwa na trekta.

Kinangop wametangulia kutambua kwamba nyasi zisipomlipa mwenyewe zitalimwa. Shirika la Nature Kenya lilinunua vipande vya nyasi huko ili visilimwe, na kikundi cha wenyeji, Marafiki wa Kinangop, kikahimiza ufugaji wa kondoo. Njabini wakaanzisha ushirika wa kusokota na kufuma sufu, ili kondoo awe na faida na nyasi zipate sababu ya kubaki. Kondoo akila kwa kiasi, nyasi zinakaa fupi na mashungi yanasalia, hivyo hivyo anavyopenda yule ndege. Sasa ni nani asiyejua kondoo wa Molo? Jina la mji wetu limekaa kwenye orodha za vyakula za hoteli za Nairobi miaka mingi kwa ajili ya nyama yake. Mgeni aliyetembezwa jioni anaweza kuuziwa mchuzi wa nyama hiyo usiku, na mwenye shamba akapata mara mbili. Lakini hilo la mchuzi mtalifikia wenyewe. Waheshimiwa hamhitaji kufundishwa kula.

Jua likishazama, kazi inageuka. Macho yanapungua, masikio yanaanza. Kwenye sehemu za majimaji kuna ndege mwenye mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Anapaa juu gizani, kisha anajitupa chini, na upepo ukipita katika manyoya ya mkia wake unatoa mngurumo mtu asiweze kujua unatoka wapi. Korongo wenye taji, ambao nao wamo hatarini, hupita wawili wawili wakiitana, wakienda kulala. Kisha barabarani, pale bodaboda anapopiga kona, utaona macho mawili yanang'aa chini kwenye vumbi. Ni yule ndege wa usiku anayekaa katikati ya njia mpaka gurudumu likaribie. Filimbi yake ni nyembamba, inapanda na kushuka, halafu inatetemeka mwishoni. Wengi wetu tumeisikia tangu utotoni tukidhani ni mdudu.

Halafu bundi. Hapa ndipo penye maneno. Kwetu bundi akilia juu ya paa, kuna mtu atatoka na kijinga cha moto, na asubuhi watu watapigiana simu kuulizia wagonjwa. Sitawaomba watu wa Molo waache imani zao kwa barua ya gazetini. Nawaeleza tu nilichokiona kikifanya kazi. Chini ya mti au paa analolala bundi huwa kuna madonge ya kijivu, yamekauka, ukubwa wa kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha hutema manyoya na mifupa asiyoweza kuisaga. Mpe mkulima donge moja na kijiti, mwache alichambue mwenyewe kwenye kiganja. Litatoka fuvu, litatoka taya lenye meno ya manjano yaliyopinda, mara nyingine mafuvu mawili matatu katika donge moja. Mtu aliyepoteza mistari mizima ya viazi kwa panya na fuko hahitaji hotuba baada ya hapo. Anaweza kuendelea kumwogopa bundi, lakini hataki tena auawe.

Kule Kiawara, upande wa Nyeri, kuishi na bundi kuna historia. Bundi wakubwa wanaoitwa wa Mackinder, kwa jina la yule Mwingereza aliyefika kilele cha Mlima Kenya 1899, wanaishi kwenye magenge ya mawe katikati ya mashamba ya watu. Wageni wamekuwa wakienda kuwatazama kwa miaka mingi, wakiongozwa na mwenyeji wa pale pale. Mwaka wa 2008 Darcy Ogada na Paul Kibuthu walichapisha utafiti wao kuhusu bundi hao, wakiangalia mambo matatu kwa pamoja: viuatilifu vya shambani, ujuzi wa wakulima juu ya bundi, na imani zao. Hayo matatu yote tunayo Molo. Kwenye maduka ya pembejeo, sumu ya panya inauzwa kwa bei ya soda. Panya akila sumu hafi papo hapo. Anayumbayumba shambani, na ndiye ambaye bundi humkamata kwa urahisi, sumu ikamwingia naye. Ukimuua bundi kwa njia hiyo, msimu unaofuata utanunua sumu zaidi. Israeli na Jordan, nchi zisizokubaliana juu ya mengi, wakulima wao wamewawekea bundi masanduku ya kutagia mashambani ili wawapunguzie panya. Maafisa wenu wa kilimo wa nyanjani wanaweza kuanza na sanduku moja kwenye shamba la maonyesho. Mbao tunazo, Elburgon ni jirani.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nisikubali mtu yeyote aje tu na gari na tochi. Mnajua usiku wa Molo una historia. Mwaka wa 1992, na tena mwanzoni mwa 2008, watu wa hapa walikimbia ghasia usiku, na nyumba zilichomwa usiku. Kuna kina mama ambao mpaka leo mwanga wa tochi ukipita katikati ya shamba hawalali tena. Kuna vijana waliozaliwa katika kambi za wakimbizi wa ndani. Mtu wa Nairobi anayepanga safari ya usiku kwa ajili ya starehe hawezi kulijua hili, na si kosa lake. Ni wajibu wetu sisi tunaolijua. Kwa hiyo kundi lolote la jioni lijulikane mapema kwa chifu na kwa Nyumba Kumi. Lisipite ila kwenye shamba ambalo mwenyewe amekubali. Na mwenye shamba, au mtu wa nyumba yake, atembee nasi, taa yake ikiwa mbele, ili jirani akichungulia dirishani aone uso anaoufahamu.

Hapo mtaona kwamba usalama na malipo ni jambo moja. Mtu anayetembea na kundi amefanya kazi, na mtu aliyefanya kazi analipwa. Napendekeza nusu ya ada ya kila mgeni iende kwa mwenye shamba, ilipwe kwa M-Pesa moja kwa moja, kabla kundi halijatoka shambani. Isipitie kwangu, isipitie kwenye chama, isipitie kwenye akaunti ya kaunti ikangoja robo ya mwaka. Msimtoze ushuru kwa kupokea wageni. Mimi nitozeni leseni, mradi iwe ndogo na inayolingana na kazi ya watu wanane kwa jioni moja, kwa maana zaidi ya wanane ni mkutano wa hadhara, na ndege hawahudhurii.

Kuna jambo dogo ambalo nadhani ndilo kubwa: mgeni alipie matembezi, asilipie ndege. Nimekuta mahali pengine mtembeza wageni anaahidi, msipomwona hamlipi. Inasikika kama haki. Lakini hebu fikirini inachofanya gizani. Mtu ambaye ugali wake unategemea bundi aonekane, atamfuata bundi mpaka kwenye kiota. Atapiga sauti iliyorekodiwa kwenye simu mara ishirini, na ndege ataacha mayai yake akapigane na mpinzani asiyekuwepo. Atamulika machoni tochi ya kuwindia. Atawapanga wageni watembee mstari mmoja wakizifagia nyasi kwa miguu ili yule wa kifua cha manjano aruke, na kama ana kiota ndani ya shungi, atakayekikanyaga hatajua. Ahadi hiyo pia inamharibia mwenye shamba, kwa sababu siku ndege hakuonekana naye hapati kitu, ingawa nyasi zake zilikuwepo usiku huo kama kila usiku. Kuna jioni ukungu unashuka kutoka Mau Summit saa kumi na mbili na huoni hata gambuti zako. Jioni hiyo nayo ilipiwe.

Katika masharti ya leseni, basi, andikeni mambo machache tu yanayoweza kusimamiwa: hakuna sauti za kurekodiwa baada ya jua kuzama, taa nyekundu hafifu badala ya tochi nyeupe, hakuna kupiga picha kwa mwako, hakuna kukaribia kiota. Masharti marefu yatakaa kwenye faili. Haya mafupi hata mwenye shamba anaweza kuyakariri, na yeye ndiye atakuwa mkaguzi wenu asiyedai marupurupu ya safari.

Mariashoni ni habari tofauti kidogo, na sitaki kuisemea kama mtu wa nje. Kule ni msitu wa Mau, uko chini ya Huduma ya Misitu, na Sheria ya Misitu ya 2016 inavipa vyama vya jamii nafasi ya kushirikiana katika kuusimamia. Bundi wa msituni wapo, na sauti zao zinasikika vizuri kuliko huku mashambani. Lakini wenyeji wa msitu huo ni Waogiek, ambao Mahakama ya Afrika kule Arusha iliwapa haki mwaka wa 2017, na mwaka wa 2022 ikaamua walipwe fidia. Itakuwa aibu kijana wa mjini apewe leseni ya kutembeza watu usiku katika msitu huo huku Muogiek anayejua kila mti wa mzinga akiajiriwa kubeba mikoba. Mkianza kule, anzeni na wao, na mgawo wa pesa wauseme wao.

Najua mtaniuliza ni pesa ngapi hasa. Si nyingi. Sitawadanganya kwamba ndege wa jioni atalipa kuliko viazi. Mwaka ambao viazi vina bei, hatalipa hata kidogo kulinganisha. Lakini miaka yote si hiyo, na mwenye shamba halazimiki kuchagua moja. Vile vipande vya majimaji ambavyo viazi vinaoza, ule ukingo wa karibu na mto unaoteremka mpaka Baringo, zile ekari za malisho ya kondoo ambazo mtu amezikalia kwa sababu hana mtaji wa kuzilima, hapo ndipo ada ya jioni inaweza kumfanya akasema, ngoja kwanza. Sihitaji zaidi ya hiyo ngoja kwanza. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit ikishapanuliwa watakuja watu wengi zaidi na bei ya ardhi itapanda, na kumshawishi mtu wakati huo itakuwa kazi ya bure.

Njooni mtembee kabla hamjaandika chochote. Mwezi wowote utafaa isipokuwa Aprili, kwani matope ya huku Aprili yanameza hata trekta. Mje na makoti mazito na gambuti, magari yabaki kwenye lami, na dereva aambiwe asiwashe redio. Tutaanza saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku mtakuwa mezani. Ada mtalipa kama mgeni mwingine yeyote, na nusu yake itaingia kwenye simu ya mwenye shamba mkiwa bado mnainamia seng'enge kutoka kwake.

Wenu,
Mkulima na mtembeza wageni, Molo